Gari Lisilo na Klachi

...basi kama si mpira huu wa kupitishia mafuta ni ule wa nyuma, maana upepo hauzaliwi ndani ya chuma, upepo huingia, lazima pana mahali unapoingilia, pana kibano kimelegea, pana mpasuko mwembamba kama unywele ambao jicho halioni, na Selemani, amelala chali juu ya gunia chini ya gari lake la magurudumu matatu, spana mkononi, macho kwenye kiskrubu cha kutolea upepo, aliliona povu jingine linachungulia, likavimba, likapasuka, mafuta yakamtambaa kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, ya baridi, maana asubuhi za kusi hapa Magomeni hata mchanga huamka na baridi yake, akasema "Mimina," na mkewe Zuhura, aliyekaa mkekani ubavuni mwa gari, akamimina kopo jingine tangini, polepole, juu ya kipande cha kanga alichokitega mdomoni mwa tangi kuchujia taka, halafu akanyoosha mkono akalizungusha gurudumu la injini kidogo ili pampu ivute, kama alivyoelekezwa, na huku akizungusha alikuwa anasema neno, tangu kopo la kwanza alikuwa anasema neno, habari za mama yake, habari za mpunga, lakini huku chini sauti hufika nusu, nusu nyingine inaishia kwenye vyuma, na Selemani akawa anaitikia "Ee" mahali pa kuitikia, kama mtu anayesikia redio ya jirani... ule wa nyuma aliukaza jana, akaukaza tena leo alfajiri baada ya kuswali, haiwezekani kuwa ule, labda ni upepo wa zamani tu, ule ulioingia wakati mipira ilipokuwa wazi, umejificha kwenye kona za juu, na dawa yake ni uvumilivu, mimina, zungusha, fungua, funga, mpaka mafuta yatoke mazito, meusi, bila povu hata moja, hapo ndipo utaita gari, kabla ya hapo una kopo la sabuni linalonguruma. Mafuta hayabanwi, ndilo neno lenyewe, na aliyemwambia neno hilo ni Gaudensi, fundi wa kreni bandarini, mtu wa Songea, Mkristo wa watu, mcheshi, walikuwa wamekaa juu ya rundo la vyuma chakavu nyuma ya bohari na Selemani anamweleza shida yake, kwamba gari la kwanza alilomtengenezea mke wake lilimshinda, lilikuwa na klachi ya mkono na gia ya mkono na moto wa mkono na usukani wa mkono, na Mungu amempa binadamu mikono miwili, Zuhura alikaa pale juu akashika hiki akaachia kile, gari likaruka kama mbuzi likaenda kuvunja ukuta wa jiko, yeye akabaki ameshika usukani anacheka, siku ile bado alikuwa anacheka, na Gaudensi akasikiliza, akatema mate pembeni, akauliza, "Jeki ya mafuta unaijua?" Naijua, nani asiyeijua. "Unasukuma mafuta huku, lori linanyanyuka kule. Kwa nini? Kwa sababu mafuta hayabanwi, hayana pa kukimbilia. Sasa wewe fanya jeki isiyokoma. Injini izungushe pampu, pampu isukume mafuta, mafuta yazungushe mota ya gurudumu, yakimaliza kazi yarudi kwenye pampu, yaende tena, yarudi tena. Klachi ya nini? Gia ya nini?" Na akamwonyesha, mle mle kwenye rundo, pampu ya winchi ya meli, imekula kutu nje lakini ndani safi kama sahani ya sikukuu, na kweli ndani yake mlikuwa na sahani, sahani ya chuma inayolala, ndiyo siri ya yote, ikisimama wima pistoni zinazunguka bure, mafuta hayaendi popote, gari limesimama na injini inanguruma, ukiilaza kidogo mbele gari linasogea mbele, ukiilaza zaidi linakwenda zaidi, ukiilaza upande wa pili linarudi nyuma, na kinachoilaza ni wenzo mmoja tu, kijiti cha chuma cha kushikwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukabaki na usukani, na breki je, "Breki hiyo hiyo," akasema Gaudensi, "ukirudisha wenzo katikati mafuta yanafungwa, gurudumu litakwenda wapi?" na Selemani siku ile alirudi nyumbani kwa miguu kutoka bandarini hajui kapita wapi, kapita Rahaleo, kapita sokoni, watu wanamsalimu haitikii, kichwani mafuta yanakwenda na kurudi, yanakwenda na kurudi, kwa mara ya kwanza tangu hospitali alilala usingizi usio na mlio wa bomu ndani yake.

"...wamerudi wote bondeni," Zuhura alikuwa akisema juu huko, "mpaka wale waliohamia kwa shemeji zao, wamerudi." Ee, akaitikia, mimina. Wamerudi bondeni. Wajinga. Redio imesema vita vimekwisha ng'ambo ya Ruvuma, bendera mpya inapandishwa mwezi huu huu, watu wakapiga vigelegele mpaka huku Magomeni, na watu wa Ruvuma wakajifunga vibwebwe wakateremka kwenye mashamba yao ya mpunga kana kwamba mabomu nayo yalikuwa yanasikiliza redio, alimwambia hivyo Zuhura, wiki iliyopita, alimwambia mabomu hayana redio, Mama Somoe, bomu halijui kama vita vimekwisha, liko pale chini linangoja mguu, na Zuhura akamwangalia, akasema, "Mimi langu nimeshalikanyaga," akaendelea kuchambua mchele, na yeye akatoka nje akaja kukaza boliti ambazo zilikuwa zimekazwa, kwa sababu mtu atasema nini mbele ya neno kama lile, mwanamke anasema limeshapita kama mtu anayesema ameshalipa nauli. Nani aliyelitega hakuna ajuaye mpaka leo, wa huku au wa kule, usiku au mchana, katika njia ile ile ambayo Zuhura aliipita tangu akiwa amebebwa mgongoni na mama yake, njia ya kwenda kuwinga ndege wasile mpunga, na yeye Selemani hakuwepo, alikuwa gereji mjini, amelala chini ya lori kama hivi alivyolala sasa, akaona miguu ya mtu imesimama kando ya gurudumu, viatu vya lastiki, vumbi jekundu mpaka magotini, akajua huyu ametoka mbali, maana fundi aliye chini ya gari huwajua watu kwa miguu yao, akauliza ni nani, na miguu ile haikujibu, ilibaki imesimama tu, kidole gumba kinachezacheza ndani ya lastiki, halafu ikasema, "Toka, shemeji, toka kwanza." Walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, lori la mihogo likamfikisha hospitali, na alipofika Selemani mguu wa kulia ulikuwa umeshakatwa juu ya goti na wa kushoto chini ya goti, na Zuhura alipofumbua macho hakuuliza miguu yake, aliuliza, "Somoe amekula?"

Somoe. Alikuwa hajaacha ziwa. Sasa anang'oka meno, wanasema anaimba nyimbo za kuwingia ndege kushinda wakubwa, anaishi kwa bibi yake kule kule, kwa sababu walikubaliana, au yeye Selemani alisema na wengine wakanyamaza, kwamba mtoto akae na bibi mpaka mama yake aweze, na kuweza maana yake gari, likikamilika gari tutamleta, ndivyo alivyosema mwaka ule, ndivyo alivyosema mwaka jana, na gari si uji, gari halikorogwi asubuhi likanywewa jioni, nani anaelewa hilo, mama mkwe aelewe? Kwanza tangi, tangi la bati likavuja, akatengeneza la pili la chuma cha pipa. Halafu mota, Gaudensi akamletea moja kutoka kwenye winchi nyingine, nzito kama jiwe la kusagia, lakini ndiyo nzuri, pampu ndogo na mota kubwa, mwendo utakuwa wa pole na nguvu zitakuwa nyingi, hesabu yake ni nyepesi, mota inapokunywa mafuta mengi kwa mzunguko mmoja inazunguka taratibu lakini inazunguka kwa hasira, na mke wake hahitaji mbio, anahitaji kupanda mchanga. Halafu ile pampu ndogo ya pili, ya kujazia, maana mafuta mengine hupenya pembeni mwa pistoni, lazima yarudishwe kila dakika, la sivyo mzunguko unakauka na upepo unaingia. Halafu vali ya usalama, ili gurudumu likikwama mipira isipasuke ikamchoma, hiyo aliipima na kuipima tena, springi baada ya springi, kwa sababu aliota mpira unapasuka na yeye yuko gereji. Mambo hayo nani aliyafikiri? Si fundi fulani wa Ulaya. Ni yeye, kwa mkaa, juu ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, mpaka ukuta mzima ukawa mishale na duara, na watu wakaja kuona. Walikuja. Wanakuja. Vibarua wa bandarini, walimu, madereva, hata katibu wa tawi alikuja, akalizunguka gari mara mbili mikono nyuma, akasema, "Selemani, hiki ndicho tunachoita kujitegemea," akasema Sabasaba lazima lipite uwanjani, mbele ya wageni, mama akae juu yake apunge mkono, na Selemani akasema bila shaka, ndugu katibu, litapita, akaona kifua kimejaa, kwa nini kisijae, walipokuwa wanamwambia oa mwingine, Selemani, wewe bado kijana, huyu atakupikia nini, atakulimia nini, mama yake mzazi mwenyewe alikuja kutoka Ziwani kumwambia hivyo, akamletea na jina la msichana, Fatuma, binti wa watu, hana neno, alisema nini? Alisema hapana. Alisema kwa sauti, barazani, watu wakasikia, huyu ndiye mke wangu. Wanaume wangapi wangesema vile, wangapi hapa Magomeni, wawataje...

"Umesikia?" Zuhura aliuliza.

Ee, alisema, mimina kidogo tu, yasimwagike, na kopo likainama, mafuta yakashuka, akasikia yanavyogugumia ndani ya tangi, na kwenye skrubu povu likatoka, kubwa, halafu dogo, halafu kubwa. "Sikusema mimina," alisema Zuhura, "nimeuliza umesikia." Nimesikia, mama amevuna. "Mama amevuna, na amemtuma mdogo wangu Omari jana kuniambia, ulikuwa gereji. Somoe anamwita mama. Si bibi. Anamwita mama." Basi ni watoto, akasema Selemani, watoto huita wanavyosikia, akija huku atakuita wewe, ngoja upepo huu uishe, wiki ijayo tunamleta, nakwenda kumleta mwenyewe, na akajisikia mkweli, kweli atakwenda, ataomba ruhusa gereji, mtoto aje aone gari, atapanda mbele ya mama yake, Sabasaba watapita wote wawili uwanjani, itapendeza, mtoto na mama, alikuwa ameshaanza kuiona rangi ya gauni la mtoto, atamnunulia, kijani, wakati sauti ya Zuhura ilipofika tena chini, safari hii nzima, haikuishia kwenye vyuma, kwa sababu alikuwa ameinama, mdomo wake uko karibu na bodi, anasema taratibu kama mtu anayemwambia mgonjwa.

"Likitembea, Baba Somoe, mimi nakwenda kwa mama."

Tutakwenda, alisema. Tutakwenda wote, tutashinda, tutarudi jioni.

"Nakwenda kukaa."

Povu likatoka. Likapasuka. Kukaa maana yake nini, kukaa siku mbili, kukaa mwezi wa mavuno, akauliza, au alidhani ameuliza, mdomo ulikuwa na mafuta, na Zuhura akawa anakung'uta kopo ukingoni mwa tangi, ko, ko, ko, na Selemani akageuza shingo pale chini akatafuta kumwona, kwa mazoea akatafuta miguu, ndivyo fundi afanyavyo, akaona mkeka, akaona pindo la kanga limetandazwa juu ya mchanga, na chini ya pindo hakuna kitu, nyayo hakuna za kumwambia kama huyu mtu amekasirika au ametulia, kama anasimama kuondoka au anakaa, miaka hii yote amekuwa hana pa kumsoma mke wake, wazo hilo likaja likamchoma, akalifukuza kwa hasira, kwa sababu hasira ilikuwa karibu zaidi, hasira ilikuwa tayari: hii ndiyo shukrani. Hii. Mgongo wangu umeota sugu juu ya gunia hili, kucha zangu hazijawahi kuwa nyeupe hata siku ya Idi, nimekataa mabinti wa watu, nimekuwa mtu wa kuokota vyuma jalalani kama kichaa, na gari likikamilika mwanamke anapanda anaondoka, na anakwenda wapi, si angesema anakwenda Makka, anakwenda kule kule, kwenye matope yale, mtoni, mahali ambapo mimi nikisikia jina lake tu mate yananikauka. "Kwa nini?" alisema, kwa sauti, na sauti yake ikagonga chuma ikamrudia usoni. "Nimekukosea nini, Zuhura? Nani mwanamume aliyemfanyia mke wake haya? Waulize. Waulize wote wanaokuja hapa."

"Wanaokuja hapa," alisema Zuhura, "wananiruka." Akaukung'uta mkeka kwa kiganja. "Wanapiga hodi, wanasema fundi, limefikia wapi. Wanauruka mkeka wangu kama ni gogo. Katibu wako alisimama hapa akasema mama atapunga mkono, hakunitazama, alikuwa anaitazama hiyo pampu. Na wewe ukasema litapita. Hukusema, ngoja nimuulize." Hayo tu, akasema Selemani, kwa ajili ya hayo tu, watu hawana adabu, nitawaambia wakusalimu. Na Zuhura akacheka, lakini si kile kicheko cha siku ya ukuta wa jiko, kilikuwa kifupi, kama mtu aliyeguswa penye kidonda. "Umenipima kwa kamba, Selemani," alisema, akamwita jina lake, hamwiti jina lake mchana, "kiuno, mikono, kutoka bega mpaka kiganja, kama fundi cherehani. Hujaniuliza bega linafanyaje. Huu mkono wa kulia nikiunyoosha mbele linauma mpaka kwenye jino. Kipande kimebaki humo tangu siku ile, daktari alikwambia. Wewe umeniwekea wenzo kulia." Kwa sababu, alianza Selemani, kwa sababu kila mtu... magari yote... akaacha. "Umeshika kila nati ya dude hili," alisema Zuhura, sasa polepole sana, na jirani aliyekuwa anatwanga akawa ametulia kidogo, ikabidi aishushe sauti zaidi, "kila nati, kwa mkono wako. Unakwenda kulala sebuleni, unasema nanuka mafuta, nisikuchafulie shuka. Nani alikwambia mimi naogopa mafuta?"

Jirani akarudi kutwanga. Du, du, du. Spana ikawa imelowa kiganjani, hakujua kama ni mafuta au jasho, na asubuhi ni ya baridi, jasho la nini, ilikuwa kweli ananuka mafuta, ilikuwa kweli, lakini sabuni ipo, maji yapo, na usiku ule wa kwanza Zuhura aliporudi kutoka hospitali, alipoinua shuka, hakuweza, si kinyaa, wallahi si kinyaa, ni kwamba mkono wake ulipofika pale ulipokomea mguu ulisikia mlio, bomu ambalo hakulisikia kwa masikio lilimlipukia mkononi, akarudisha shuka, akasema, pumzika, na kesho yake akaanza kuchora gari. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mtu anachora usiku kucha na mke wake yuko macho chumba cha pili. Walimsifu. Na yeye alizila zile sifa kila siku, zikamtosha, zikamshibisha kabisa.

Na povu likatoka, dogo, likakaa juu ya kichwa cha skrubu, halikupasuka, na hapo ndipo wazo lilipokuja, halikuja kama wazo, lilikuja kama mkono unaojua kazi yake, robo mzunguko tu, robo mzunguko wa spana kulia, na skrubu itafunga, na upepo utabaki ndani, humo ndani ya mipira, hakuna macho yatakayouona. Gari litatembea. Litatembea hapa uani, litapita uwanjani Sabasaba, kwenye tambarare, watu watapiga makofi, lakini likifika kwenye mchanga wa barabara ya kushukia Ruvuma, kwenye vile vilima, upepo utabanwa pale ambapo mafuta hayakubali kubanwa, nguvu zote zitapotelea humo, pampu itakoroma kama inatafuna changarawe, mafuta yatachemka, gurudumu litasimama, na Zuhura atakaa juu ya gari katikati ya mikorosho mpaka mtu mwema ampitie amrudishe Magomeni. Atarudi. Atakaa mkekani. Na Gaudensi mwenyewe akija kulitazama atasema pampu ni nzee, ya jalalani, tulijua. Hakuna atakayejua. Mume atabaki kuwa mume mwema aliyejaribu, na kweli amejaribu, na mabomu yako kule, yako kweli, je, si kumlinda? Si ndiyo kazi ya mume? Spana ikazunguka. Hata hakuona alivyoizungusha. Povu likakatika, mafuta yakaacha kutiririka, kiskrubu kikawa kikavu, kimya, safi kama kitu kilichokamilika, na pale juu Zuhura akahisi, sijui alihisi vipi, labda tangi liliacha kushuka, akauliza, "Upepo umekwisha?"

Ni neno moja tu la kusema. Umekwisha. Mtoto angeweza kulisema. Alilikuta tayari mdomoni, limekaa, lina ladha ya chuma, na wakati huo akawa anautazama mkono wa Zuhura, ulikuwa umeteremka kando ya tangi umeshika kopo, mkono wa kushoto, ni wa kushoto, tangu asubuhi anamimina kwa kushoto na anazungusha kwa kushoto, na wa kulia ameukunja kifuani ndani ya kanga kama mtu aliyembeba kuku, na hivyo ndivyo anavyochambua mchele, na hata ukili anausuka kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, yeye anayepita mbele yake kila siku na spana hakuona, aliyeona mpasuko mwembamba kama unywele kwenye mpira wa presha hakuona hili, na mkono ule ulikuwa bado umelishika kopo tupu kwa nguvu, hauliweki chini, akaelewa kwamba anaogopa. Zuhura anaogopa. Hajui kama gari litafika, hajui kama Somoe atakapomwona atakuja au atajificha nyuma ya bibi yake, hajui kama kuna jingine linalomngoja njiani, anajua kuliko wote lilivyo, na bado anamimina. Anamimina kopo baada ya kopo, na kila kopo linamwondolea yeye mwenyewe kisingizio kimoja cha kutokwenda. Na anamwuliza yeye, fundi, kwa sababu hana mwingine wa kumwuliza, upepo umekwisha, na lolote atakaloambiwa ataliamini, kwenye jambo hili ataliamini, mengine yote ameshaacha kuamini lakini kazi ya mkono wake anaiamini, atapanda na kulaza ule wenzo na kushika njia. Kumbe hicho ndicho kilichobaki kati yao. Kiskrubu hiki. Akaona uchungu unapanda, si ule wa hasira, huu hauna wa kumlaumu, akaona siku ile itakavyokuwa, kelele ya injini inapungua, inapinda kona, inakwisha, watu wanarudi majumbani mwao wanamwambia hongera fundi, na yeye amesimama uani na alama ya magurudumu matatu kwenye mchanga na ukuta uliojaa mishale, na chumba cha pili kina shuka safi ambalo halijawahi kuchafuliwa na mtu. Na wenzo lazima uhamishwe, akafikiri, pale pale, uchungu haukuzuia, wenzo uje kushoto, ile sahani haijali inalazwa kutoka upande gani, ni kukata kipande na kuchomelea upya, siku mbili, usukani uende kulia uwe mfupi, asinyooshe bega, akauchukia ubongo wake kwa kufikiri hivyo kwa urahisi hivyo, kwa kujua kumsogezea safari na kutokujua kumwambia baki, maana hilo nalo angeweza kulisema, baki, lilikuwa neno dogo kuliko umekwisha, lakini lilipofika kooni aliona halina miguu, angeanza kulisema wapi mtu ambaye hajagusa... "Baba Somoe," Zuhura aliita, "umelala? Upepo umekwisha?" na spana ikarudi kushoto, robo mzunguko, nusu, kiskrubu kikalegea, kikatoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi, povu likachungulia, kubwa, likavimba, likamtapikia mafuta juu ya kidevu na shingoni, na Selemani hakuyafuta, akasema, "Bado. Mimina."